Benchi la Vitabu vya Hofu

Wadogo zangu mliobaki na funguo za maktaba ya parokia hapa Kikula, mjini Likasi, haya nayaandika mapema, wakati bado nakumbuka nani alikaa wapi. Sitawasimulia mshahara, maana hapo hakuna hadithi, na cheo nilikuwa nacho kimoja tangu kuingia hadi kutoka. Nitawasimulia rafu ya vitabu vya hofu: vile vya majasusi, vya wauaji, vya nyumba ambazo kitu kinatembea darini. Rafu ile ndiyo iliyotuletea wasomaji, na mimi ndiyo iliyonipa watu wa kuzungumza nao. Leo watu hao wamebaki mmoja. Yuko mbali, na kila Jumamosi naogopa kwamba nimeshampoteza.

Siku ya kwanza nilifika na sketi iliyonyooshwa vizuri na diploma yangu ndani ya bahasha, nikitegemea kwamba mtu atataka kuiona. Papa Kalenga, mzee aliyeitunza maktaba kabla yangu, hakuuliza habari za diploma. Alinikabidhi sufuria, kikombe cha unga wa muhogo na mbabula, jiko letu la makaa, akaniambia nipike gundi. Ilipoanza kuwa nzito alichota kwenye kopo punje chache za sulfate, zile chembe za bluu za shaba ambazo kila nyumba ya mfanyakazi wa kiwandani ilizijua, akazisaga na kuzichanganya humo. Mende wa Likasi wanapenda gundi ya unga kuliko sisi tunavyopenda bukari, ugali wetu, na sulfate ndiyo iliyowafukuza. "Weye, angalia," aliniambia. "Hii haiko bukari. Usilambe kidole." Nilicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu msaidizi aliyenitangulia alikuwa amelamba.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: sindano ya kushonea magunia, uzi uliofumuliwa kutoka mifuko ya unga, na mawe mawili mazito ya kijani kutoka migodi ya Kambove, ya kukandamizia kitabu mpaka gundi ikauke. Papa Kalenga alinifundisha kukagua kila kitabu kinaporudi, kabla msomaji hajaondoka, kwa kupitisha kidole gumba mgongoni mwake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alikuwa akisema, na ukuta wake ulikuwa kikapu cha majalada yaliyobaki bila kitabu. Karibu yote yalikuwa ya vitabu vya hofu. Maisha ya watakatifu yalikaa rafuni miaka mingi bila hata mkunjo.

Padri wetu wa wakati ule hakuvipenda vitabu hivyo, lakini alipenda maktaba yenye watu. Akaweka sharti: anayechukua kitabu kimoja cha hofu achukue na kimoja cha faida. Kwa hiyo Kikula nzima iliazima kitabu cha ufugaji wa sungura. Kilitoka na kurudi, kikatoka na kurudi, kikipandishwa baiskeli na kushushwa, na sikuwahi kusikia habari za sungura hata mmoja. Padri akaridhika, wasomaji wakaridhika, nami nikajifunza kwamba kazi hii inahitaji uso mkavu.

Sasa sikilizeni habari ya miisho. Vitabu vya hofu vilitufikia kwa makatoni, kutoka kwa wageni waliokuwa wanarudi kwao. Vilikuwa vya bei rahisi, vya kubandikwa bila kushonwa, na joto letu liliyeyusha gundi yao. Kurasa za mwisho ndizo zilizotangulia kuanguka, maana hapo ndipo msomaji anapokikaba kitabu kwa mikono yenye jasho. Zilizoanguka ziliokotwa na wauza karanga wa sokoni wakazikunja kuwa vifungashio. Mtu angeweza kununua karanga na kumjua muuaji wa kitabu ambacho hakukisoma.

Maktaba nyingine zingevitupa. Papa Kalenga alikuwa na utaratibu wake, na sijausikia mahali pengine. Kitabu kilichokatika mwisho kilipigwa mstari wa kalamu nyekundu kwenye jalada, kikaendelea kuazimwa. Aliyekimaliza alikuja Jumamosi baada ya saa sita, akaketi kwenye benchi lililo nyuma ya kanisa, na yeyote aliyewahi kukisoma kikiwa kizima alimsimulia mwisho. Kama hakuna aliyeujua, benchi lilishauriana mpaka mwisho ukapatikana. Ukishapatikana ulikuwa sheria.

Nakumbuka kitabu cha jasusi mmoja aliyekuwa ndani ya treni, amejificha, mpaka uko karibu. Mlango wa behewa unagongwa, naye anashika bastola. Hapo ndipo kurasa zilipoishia. Benchi lilikuwa na fundi wa umeme, muuguzi, mshona nguo na wanaume kadhaa wa kiwandani, na walibishana Jumamosi kadhaa. Mwishoni muuguzi akauliza tiketi ya jasusi iko wapi. Wakakumbuka kwamba aliitupa pamoja na koti lake alipokuwa akitoroka. Basi ikaamuliwa: anayegonga ni mkagua tiketi, na jasusi aliyezishinda serikali nne anakamatwa kwa kukosa tiketi. Kila aliyewahi kupanda treni kutoka gare, yaani stesheni, ya Likasi aliona kwamba ni haki.

Baadaye katoni jingine lilileta kitabu kilekile, kizima. Mwandishi alikuwa amemwokoa mtu wake kwa helikopta. Niliwasomea ukurasa huo nikitegemea kwamba watafurahi, lakini walisikiliza kwa huzuni, kisha fundi wa umeme akasema, "Uyu mwandikaji hayapandaka treni hata siku moya." Wakapiga kura. Mkagua tiketi akabaki, helikopta ikakataliwa. Kama kitabu hicho bado kiko hapo, msimwambie mtu kuhusu helikopta.

Nilidhani watu hupenda hofu wanaposhiba. Mwenye nyumba tulivu, nilijiambia, ndiye anayehitaji kutishwa kidogo. Kisha ikaja miaka ile ambayo sisi wenye asili ya mkoa wa Kasai tuliambiwa kwamba si wa hapa, ingawa baba zetu ndio walioajiriwa migodini wangali vijana. Majirani walilala gare na mizigo yao wakisubiri treni. Nilijua kwamba rafu itakaa bila kuguswa. Kumbe ilibaki tupu kwa sababu vitabu vyote vilikuwa vimechukuliwa. Watu walisoma habari za wauaji huku wakisikiliza mlango wao wenyewe. Dawa ya moto ni moto, labda. Waliopanda treni walikwenda na vitabu vyetu, na sikumwandikia yeyote kudai. Mimi na mume wangu tulijificha kwa jamaa wa parokia, tukabaki, na tangu hapo sikumdharau tena mtu anayeniomba kitabu cha kumtisha.

Papa Kaumba alianza kuja baada ya miaka hiyo. Alikuwa fundi wa mitambo ya umeme kule Mwadingusha, kwenye bwawa, na alishuka mjini kwa lori akipata likizo, na mfuko mtupu wa unga wa kubebea vitabu. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja kama anasikiliza mashine. Alichukua majasusi peke yao. Nilimuuliza siku moja mbona hachoki, maana watu wale wote wanafanana: wana koti, wanavuta sigara, hawamwamini mtu. Alifikiri kwanza, kama kawaida yake.

"Mama Ngalula, angalia," alisema. "Mu kitabu, espion, ule jasusi, iko peke yake, lakini kuko bantu banamufwata. Banayua fasi analala. Banayua kama anaweka sukari mu chai. Minye, kule Mwadingusha, hakuna hata moya ananifwata."

Benchi lilicheka, nami nikacheka. Wakati huo nyumbani kwangu kulikuwa na mume, watoto watano, shemeji asiyeondoka, na kama kuna kitu nilichokitamani ni kutofuatwa mpaka chooni. Sikumwelewa. Nilielewa miaka mingi baadaye, mume wangu alipokuwa amezikwa na watoto wametawanyika, mmoja Kolwezi, wengine Kinshasa, wengine mbali zaidi. Niliweka sukari kwenye chai yangu asubuhi moja nikagundua kwamba duniani hakuna anayejua ninaweka kiasi gani. Nilikaa na kikombe mpaka kikapoa.

Kesi ngumu zilikuwepo. Mama mmoja alikileta kitabu cha binti yake kikiwa ndani ya kitambaa, kimenyunyiziwa chumvi, akakiweka mezani kwa ncha za vidole. Mchungaji wake alikuwa amemwambia kwamba vitabu hivi ni mlango wa mapepo, na binti alikuwa halali vizuri. Sikubishana naye, maana kumbishia mama mwenye hofu kuhusu mtoto wake ni kutwanga maji kwenye kinu. Nilimwomba tu aketi nimsomee sura ya kwanza, ili ahukumu akiwa amesikia. Alisikiliza mpaka mwisho, akathibitisha kwamba ni kazi ya shetani kabisa. Kisha akasimama mlangoni akaniuliza yule msichana wa chini ya kitanda alitoka au hakutoka. Nikamwambia aje Jumamosi, na alikuja.

Lakini benchi lilianza kupungua. Viwanda vilinyamaza kimoja baada ya kingine, na wanaume walikwenda Kambove kuchimba kwa mikono. Wanaporudi wamechoka, hawasomi. Muuguzi alihamia Lubumbashi. Mshona nguo alifariki. Simu zikaingia, na vijana wakapata hofu yao humo, fupifupi, ya kutazama wakitembea. Siwalaumu. Papa Kalenga naye tulimzika msimu wa mvua, na jioni ile nilipika gundi ingawa hakukuwa na kitabu cha kubandika. Sikujua mikono yangu ifanye nini kingine.

Papa Kaumba alistaafu akaja kujenga Kikula, chumba na sebule, peke yake, maana mke wake alikuwa ametangulia. Akawa haji tena na mfuko; alikuja kila Jumamosi, na siku nyingine benchi zima lilikuwa mimi na yeye. Macho yake yalipoingia ukungu nikaanza kumsomea. Niwaambie ukweli, siku hizo ndizo nilizozipenda kuliko zote za kazi yangu. Ninyi mmefundishwa kwamba maktaba ni mahali pa kimya. Mimi nilikaa na mzee wa umri ule nikimnong'oneza habari za nyayo zinazopanda ngazi, na aliposhtuka mimi nilishtuka pia, ingawa nilikuwa nimekwisha kusoma mbele. Tulikuwa tukisimama pale penye wasiwasi zaidi, kwa makusudi. Wiki nzima nilikuwa na kitu cha kurudia, na mtu wa kurudia kwake. Sasa najua kwamba watu hawavipendi vitabu hivi kwa ajili ya damu. Wanavipenda kwa sababu vinaifanya kesho iwe na kazi.

Kisha akaanza kuniomba vitabu tulivyokwisha soma. Nilidhani ananitania, kwa kuwa alijua kutania kwa uso mtulivu. Nikamwambia kwamba huyu wa koti jeusi tulimzika mwezi uliopita. Aliinamisha kichwa, akacheka, lakini kicheko kilichelewa. Jumamosi nyingine alinisimulia mwanzo wa kitabu kana kwamba ni jambo lililompata yeye huko Mwadingusha. Nilimsahihisha polepole. Halafu nikaacha kumsahihisha, maana kila nilipofanya hivyo uso wake uliingiwa na hofu, na hii haikuwa ile hofu tuliyokuwa tukiitafuta pale.

Beatrice, binti yake mkubwa, alikuja kutoka Lubumbashi kumchukua. Aliniheshimu, alinipitia kwanza maktaba kabla ya kufunga mizigo. Nilimwambia kwamba Kikula tunamjua, kwamba majirani watamwangalia, kwamba mimi mwenyewe ninaweza kupita kila siku. Nilizungumza sana. Alinishika mkono.

"Mama, huku analala peke yake," alisema. "Siku moya atawasha mbabula mu nyumba, atasahabu. Siye tutafanya nini?"

Alikuwa na haki, na mimi niliyekuwa nikimbembeleza nilikuwa nikiitetea nafsi yangu. Tulikuwa katikati ya kitabu kizuri sana siku hiyo: mwanamume amerithi nyumba, anasikia mtu akitembea darini, na amefika kwenye mlango wa dari na ufunguo mkononi. Papa Kaumba aliketi ndani ya gari na kofia yake magotini. Niliinama dirishani kumuaga. Alinitazama kwa adabu, akanitakia safari njema, kwa kudhani kwamba mimi ndiye ninayesafiri.

Mwaka huohuo nilistaafu. Mlinifanyia sherehe nzuri, mkanipa kitenge, na nilicheza, mliniona. Nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na viatu. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya kuondoka na kitabu kimoja, na mlinipa bila kuuliza kwa nini nimechagua kile cha nyumba na dari badala ya Biblia ile yenye kingo za dhahabu. Kwa miezi kadhaa sikukifungua. Mkae mkijua kwamba kustaafu hakuumizi siku ya sherehe. Kunaumiza Jumamosi ya tatu au ya nne, saa sita inapopita na wewe umeshavaa nguo za kutoka.

Jumamosi moja ya namna hiyo nilipiga moyo konde nikampigia Beatrice simu. Alifurahi kunisikia, akasema kwamba baba yake anakula, analala, ila hamtambui mtu, hata yeye, Beatrice, anamwita kwa jina la marehemu mama yake. Nilimwomba aiweke simu sikioni mwake. Nikafungua pale tulipoishia, kwenye mlango wa dari. Sikusikia kitu. Nikarudi nyuma sura moja, bado kimya. Basi nikaanza mwanzo kabisa, barua ya urithi inapofika, na mwanamume yule aliposikia nyayo za kwanza nilisikia pumzi ya Papa Kaumba ikisimama, halafu ikarudi. Nilimjua kwa pumzi ile.

Tangu hapo tunasoma kila Jumamosi, Beatrice akishika simu. Kwa kuwa wiki iliyopita haipo tena kichwani mwake, tunaanza upya kila mara, na chaji ya simu haitoshi kutufikisha mbali. Kitabu ni kizima, hakuna ukurasa uliopungua, lakini hatujawahi kuupita mlango ule. Sikujali. Kila wiki anaogopa mahali palepale, na kila wiki mimi naogopa naye.

Jumamosi iliyopita Beatrice alipokea kwa sauti ya chini. Alisema kwamba baba yake hajatamka neno siku nyingi, kwamba daktari hana cha kuongeza, na kwamba labda tuache sasa, ninajichosha bure. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango ili aondoke. Nilimwomba mara hii moja tu. Nikasoma. Barua ikafika, mwanamume akapanda gari, akaingia ndani ya nyumba, akawasha taa. Nyayo zikaanza juu ya kichwa chake. Upande wa pili sikusikia pumzi kusimama, wala kurudi, nami nikaacha kusoma katikati ya sentensi. Nikakiweka kitabu magotini. Nilitaka, kama ni mwisho, angalau anijue ni nani aliyekuwa akimsomea.

"Papa Kaumba," nikasema. "Ni minye, Ngalula. Wa ku biblioteki."

Nilisikia kuku wa jirani yangu uani, na kule Lubumbashi kiti kikisogezwa. Nilikuwa naanza kuishusha simu kutoka sikioni Papa Kaumba aliposema, taratibu, kwa sauti ambayo ilikuwa ni yake kabisa:

"Sikuyui, mama. Lakini usikate."